Shajara ya mradi: kuifungasha libvips kwa ajili ya PyPy

Lengo la mradi huu ni kutengeneza kifungashio chembamba kitakachoiwezesha programu ya Python inayoendeshwa na PyPy kuitumia maktaba ya libvips katika kuchakata picha kubwa. PyPy ni kifasiri mbadala cha Python: kinaisoma lugha ileile, lakini ndani yake kina kompaila ya papo kwa papo, maarufu kwa jina la JIT, ambayo huigeuza mizunguko inayorudiwarudiwa kuwa msimbo wa mashine huku programu ikiendelea kukimbia. Libvips ni maktaba ya C iliyotokana na kazi iliyoanza London mwishoni mwa miaka ya 1980 katika mradi wa VASARI, ambako michoro ya sanaa ilipigwa picha kwa ukubwa ambao kompyuta za wakati ule hazikuweza kuumudu kwa mkupuo mmoja. Ndiyo sababu hadi leo maktaba hii haipakii picha nzima isipolazimika: husoma kipande, hukipitisha katika operesheni zote zilizopangwa, hukiandika, kisha huendelea na kipande kinachofuata.

Ni haki kusema mapema kwamba pyvips, kifungashio kamili cha libvips kwa Python, ipo, imejengwa juu ya CFFI (zana ya kuziita funksheni za C kutoka Python), na hufanya kazi kwenye PyPy. Anayezihitaji operesheni zote zipatazo mia tatu aitumie hiyo. Ninachokijenga mimi ni kidogo zaidi na kina sharti lake: kitatumika ndani ya huduma ya kutengeneza vijipicha inayokimbia muda mrefu bila kuzimwa, kwa hiyo kila kipande cha kumbukumbu ya mashine lazima kijulikane kinamilikiwa na nani na kitaachiliwa lini. Sehemu kubwa ya shajara hii inalihusu swali hilo, kwa kuwa ndilo lililokula muda. Kuziita funksheni za C ilikuwa kazi nyepesi.

Jumatatu: njia ya kupita

Kuna njia mbili za kuifikia maktaba ya C kutoka PyPy. Ya kwanza ni kuandika moduli ya C kwa kutumia violesura vya ndani vya CPython, yaani kifasiri cha kawaida cha Python, na kuiachia PyPy iviigize kupitia tabaka lake liitwalo cpyext. Njia hii hufanya kazi, na moduli nyingi kongwe huitegemea, lakini ina gharama: kila obijekti inayovuka kwenda upande wa C hupewa kivuli chenye hesabu ya marejeleo (idadi ya wanaoishikilia) kama ya CPython, na kompaila ya papo kwa papo haioni chochote kinachoendelea ng'ambo ya pili. Njia ya pili ni CFFI, ambayo iliasisiwa na watu walewale wanaoijenga PyPy, na ambayo PyPy huielewa kutoka ndani kiasi cha kuweza kuuingiza mwito wa funksheni ya C moja kwa moja ndani ya msimbo inaouzalisha. Nimechagua CFFI, na sioni sababu ya mtu anayeanza leo kuchagua vingine.

CFFI nayo ina namna mbili. Katika namna ya ABI, matamko ya C husomwa wakati programu inaendeshwa na maktaba hufunguliwa kwa jina lake. Hakuna kompaila inayohitajika, lakini ukikosea mpangilio wa muundo hata kwa baiti moja, hakuna wa kukuonya. Katika namna ya API, moduli ndogo hukusanywa kwa kompaila ya C, ambayo huyalinganisha matamko yako na faili za vichwa za maktaba yenyewe na kukataa yasipolingana. Nimeanza na namna ya API kama msingi, huku namna ya ABI ikibaki kuwa akiba ya mashine zisizo na kompaila. Habari njema ni kwamba karibu miundo yote ya libvips inaweza kutamkwa kwa jina tu bila kufichua kilichomo ndani, kwa sababu kifungashio hushughulika na vielekezi, yaani anwani za kumbukumbu, peke yake. Muundo pekee unaolazimika kutamkwa kwa ukamilifu ni GValue, kisanduku cha kubebea thamani ya aina yoyote, ambao kwenye mashine za biti 64 una namba ya aina ikifuatiwa na nafasi mbili za baiti nane, jumla baiti 24.

Jumanne: funksheni zenye hoja zisizo na idadi

Anayesoma nyaraka za libvips kwa mara ya kwanza hukutana na funksheni kama `vips_invert(in, &out, NULL)`, na wazo linalomjia papo hapo ni kuzitamka zote na kuziita zilivyo. Nimeliacha wazo hilo. Hizo ni funksheni zenye hoja zisizo na idadi maalumu: hoja za hiari hutajwa kwa jina na thamani, jozi baada ya jozi, mpaka NULL ya mwisho. Zimetengenezwa kwa ajili ya mwanadamu anayeandika C, na kwa kifasiri ni mtego. CFFI huweza kuziita, lakini kila hoja iliyoko upande wa hiari lazima ipewe aina yake ya C waziwazi, kwa sababu hakuna tamko la kuiambia kama 1 ni namba kamili au ni ya desimali. Isitoshe, baadhi ya majukwaa hupitisha hoja hizo kwa utaratibu tofauti na ule wa hoja za kawaida. Kwenye mashine za Apple zenye chipu za arm64, kwa mfano, huwekwa kwenye rundo badala ya rejista, na anayeitamka funksheni kama ya kawaida atapokea takataka.

Njia iliyokusudiwa kwa vifungashio iko chini zaidi. Libvips imejengwa juu ya GObject, mfumo wa obijekti kwa lugha ya C, na kila operesheni ni obijekti yenye sifa zinazoweza kuulizwa majina, aina na maelezo yake wakati programu inaendeshwa. Kwa hiyo badala ya funksheni mia tatu, nimetamka chache tu: `vips_operation_new` inayoumba operesheni kwa jina lake, `g_object_set_property` inayojaza sifa moja, `vips_cache_operation_build` inayoijenga, na `g_object_get_property` inayotoa matokeo. Zikiongezwa `vips_argument_map`, inayopita juu ya hoja zote za operesheni, na zile za kutunza GValue, kifungashio kinakuwa na lugha nzima ya libvips mkononi. Operesheni mpya ikiongezwa katika toleo lijalo la maktaba, itapatikana bila mimi kugusa msimbo.

Kufungua faili kunafuata mkondo huohuo. `vips_image_new_from_file` nayo ina hoja zisizo na idadi, kwa hiyo tunaipita pembeni: `vips_foreign_find_load` hupewa jina la faili, hulitazama faili lenyewe, na kurudisha jina la operesheni inayoweza kulisoma. Operesheni hiyo ndiyo tunayoiumba.

Jumatano: baiti sita

Jaribio la kwanza kamili ni dogo makusudi. Nimetengeneza picha ya pikseli mbili kwa moja, yenye mikanda mitatu ya rangi, kutokana na baiti sita: 0, 10, 20, 30, 40, 50. Picha inaundwa kwa `vips_image_new_from_memory`, ikielezwa upana, urefu, idadi ya mikanda, na aina ya namba, ambayo kwa baiti isiyo na alama ni 0 katika orodha ya aina za libvips. Kisha operesheni ya `invert` inaumbwa, sifa yake `in` inajazwa kwa GValue ya aina ya obijekti, inajengwa, na sifa `out` inasomwa. Matokeo, yakitolewa kwa `vips_image_write_to_memory`, ni 255, 245, 235, 225, 215, 205.

Jaribio hili linaonekana la kitoto, lakini linagusa kila mlango: kumbukumbu inayotoka Python kwenda C, obijekti inayovuka ndani ya GValue, operesheni inayojengwa, na kumbukumbu inayorudi kutoka C ambayo lazima iachiliwe kwa `g_free` baada ya kunakiliwa. Mlango mmoja ukiwa na hitilafu, baiti sita zinatosha kuionyesha, na matokeo yanaweza kuhakikiwa kwa macho. Majaribio yanayotumia picha halisi huwa na tabia mbaya ya kufaulu wakati ambapo pikseli chache za pembeni zimeharibika na hakuna aliyeziangalia.

Alhamisi: hesabu ya marejeleo, upande wa C

Kabla ya kumgusa mzoataka wa PyPy, yaani sehemu inayoziondoa obijekti zisizotumika tena kwenye kumbukumbu, ilinibidi niwe na uhakika wa hesabu za upande wa GObject, ambao haujui lolote kuhusu Python na hutunza obijekti zake kwa kuhesabu marejeleo. Nayaandika hapa kwa ukamilifu kwa sababu ndiyo maelezo niliyoyatafuta sana na kuyakuta yametawanyika.

`vips_operation_new` hurudisha operesheni yenye rejeleo moja, na rejeleo hilo ni letu. `vips_cache_operation_build` huitazama kache ya libvips kwanza. Ikiwa operesheni yenye hoja zilezile ilishawahi kujengwa, hurudisha ile ya zamani, na kama haikuwahi, huijenga hii yetu. Kwa vyovyote vile, operesheni tuliyoiingiza hutoka ikiwa na hesabu ileile iliyoingia nayo, na kile kilichorudishwa ni rejeleo jingine tunalolimiliki, hata kama kielekezi ni kilekile. Kwa hiyo tuna madeni mawili ya `g_object_unref`. Juu ya hayo, matokeo yaliyomo ndani ya operesheni yaliyojengwa hushikwa na operesheni yenyewe, na `vips_object_unref_outputs` ndiyo inayoyaachia. Agizo hilo lazima liitwe hata pale ujenzi uliposhindikana, kwa kuwa operesheni inaweza kuwa ilishaumba sehemu ya matokeo kabla ya kukwama.

Kisha picha ya `out`: `g_value_get_object` hutoa kielekezi kisicho chetu, kinachobaki hai kadiri GValue ilivyo hai. Tunakiongezea rejeleo letu kwa `g_object_ref`, ndipo tunaisafisha GValue kwa `g_value_unset`. Mpangilio huo ukigeuzwa, kuna nafasi nyembamba ambamo hesabu inafika sifuri na picha inatoweka huku kielekezi kikiwa bado mkononi. Mara nyingi hakuna kinachoonekana, kwa sababu kache ya libvips nayo inaishika operesheni na kwa hiyo inaishika picha. Hitilafu hujitokeza siku kache inapojaa na kuanza kutupa vya zamani. Kache hiyo kwa kawaida hubeba operesheni 100. Katika majaribio nimeizima kabisa kwa `vips_cache_set_max(0)`, na nashauri kila anayeandika kifungashio afanye hivyo tangu mwanzo, kwani kache huficha makosa ya hesabu kwa ustadi mkubwa.

Kwa upande wa uhakiki, `vips_leak_set` huiagiza maktaba iripoti kila obijekti iliyobaki hai wakati wa kufunga, na `vips_tracked_get_mem` hutoa kiasi cha kumbukumbu ya pikseli inayoshikiliwa kwa wakati huo. Nimeziweka zote mbili kwenye majaribio ya kila siku.

Ijumaa na kuendelea: mzoataka asiyeona

Hapa ndipo mradi ulipopata uzito wake. CPython nayo huhesabu marejeleo, kwa hiyo obijekti ya Python inapoachwa na mwenyewe, hufa papo hapo, na kile ilichokishika upande wa C huachiliwa sekunde hiyohiyo. PyPy haifanyi hivyo. Mzoataka wake hupita kwa nyakati anazozichagua mwenyewe, akiongozwa na kiasi cha kumbukumbu anachokiona kimetengwa na Python. Neno la kuzingatia ni anachokiona. Obijekti ya Python inayoiwakilisha picha ni ndogo, baiti chache tu zenye kielekezi ndani, lakini nyuma ya kielekezi hicho panaweza kuwa na picha ya pikseli 4000 kwa 3000 yenye mikanda mitatu, ambayo ni baiti milioni 36. Mzoataka ni kama karani wa ghala anayehesabu stakabadhi bila kufungua mlango wa ghala: kwake stakabadhi kumi ni karatasi kumi tu, hata kama kila moja inashikilia shehena ya lori zima.

Matokeo yake yanatabirika. Mzunguko unaofungua picha, kuipunguza, kuiandika na kuendelea na nyingine, ukiendeshwa kwenye CPython, kumbukumbu ya mchakato hubaki bapa. Ukiendeshwa kwenye PyPy kwa msimbo uleule, kumbukumbu hupanda kama ngazi, kisha hushuka ghafla mzoataka anapopita, kisha hupanda tena. Wala si kumbukumbu peke yake: picha iliyofunguliwa kutoka kwenye faili hushikilia faili hilo wazi, na mifumo mingi ya Linux huanza na kikomo cha faili 1024 kwa mchakato mmoja. Huduma inaweza kuishiwa na faili huku ikiwa na kumbukumbu tele.

CFFI ina jibu la sehemu. `ffi.gc(kielekezi, kiharibifu, ukubwa)` huambatanisha kielekezi na funksheni ya kuita kinapokufa, na hoja ya tatu, iliyoingia katika toleo la 1.11, humwambia mzoataka makadirio ya kumbukumbu inayoshikiliwa nyuma ya kielekezi. CPython huipuuza, PyPy huitumia kuamua kupita mapema zaidi. Swali ni namba gani ya kuandika. Kuzidisha upana kwa urefu kwa mikanda kwa ukubwa wa namba ni rahisi, na kwa picha iliyomo kwenye kumbukumbu ni sahihi. Kwa picha nyingine za libvips, hata hivyo, hesabu hiyo ni uongo mkubwa. Matokeo ya `invert` juu ya picha ya baiti milioni 36 hayana baiti milioni 36 popote. Ni ahadi ya kuzikokotoa zikiombwa. Mfululizo wa operesheni kumi ungemfanya mzoataka aamini kuna baiti milioni 360, apite kila mara bila sababu, na kuila ile kasi ambayo PyPy ilichaguliwa kwa ajili yake.

Nimeamua hivi: picha zilizoundwa kutoka kumbukumbu, na zile zilizolazimishwa kuingia kwenye kumbukumbu kwa `vips_image_copy_memory`, hupewa ukubwa wao halisi. Zilizofunguliwa kutoka faili hupewa makadirio ya wastani yanayotosha kumshtua mzoataka faili zinapolundikana. Ahadi nyingine zote hupewa kiasi kidogo kisichobadilika. Si hesabu kamilifu, lakini inaelekea upande sahihi.

Hata hivyo, kidokezo kwa mzoataka ni ombi tu, na huduma ya muda mrefu inahitaji hakikisho. Kwa hiyo obijekti ya picha ina mbinu ya `funga`, na inaweza kutumika na `with`. Ndani yake inaita `ffi.release`, iliyopo tangu CFFI 1.12, ambayo huendesha kiharibifu pale pale na kumwondoa mzoataka katika jukumu hilo ili asikiite mara ya pili. Kugusa picha iliyofungwa hutoa kosa la kawaida la Python lenye ujumbe unaoeleweka, badala ya programu kuanguka.

Kwa GValue nimekwenda mbali zaidi. Mtindo unaoonekana mara nyingi ni kuiambatanisha na `g_value_unset` kupitia `ffi.gc` na kusahau. Kwenye CPython mtindo huo hauna tatizo. Kwenye PyPy, kila GValue iliyobeba picha inakuwa rejeleo la siri linalosubiri mzoataka, na hata ukiifunga picha yenyewe kwa mkono, hesabu yake haifiki sifuri kwa sababu GValue tatu au nne zilizotumika kuijenga bado zinaelea mahali fulani. Nimeziondoa zote kwenye mikono ya mzoataka: kila GValue huzaliwa na kusafishwa ndani ya `try` na `finally` ileile, na haitoki nje ya funksheni iliyoiumba. Badiliko hilo peke yake ndilo lililonyoosha mstari wa kumbukumbu katika jaribio la mzunguko mrefu. Baada yake `vips_tracked_get_mem` hurudi sifuri kila picha inapofungwa, kache ikiwa imezimwa.

Baadaye: kumbukumbu ya kuazima

`vips_image_new_from_memory` hainakili data. Huazima, na kumtaka mwenye data aihifadhi mpaka picha itakapokwisha. Kwa Python hili lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni anwani. Katika PyPy obijekti changa huzaliwa katika eneo maalumu na kuhamishwa zikinusurika mzoataka anapopita, kwa hiyo anwani ya baiti zilizo ndani ya obijekti ya Python si kitu cha kukabidhi kwa C ovyo. `ffi.from_buffer` hulishughulikia hilo na kuiweka data hai kadiri kile ilichokirudisha kilivyo hai. Upande wa pili ni mgumu zaidi, kwani unahusu picha zinazozaliwa na picha. Chukua picha A iliyoundwa juu ya bafa, yaani eneo la kumbukumbu lenye data ya pikseli, na picha B ambayo ni A iliyogeuzwa rangi. Mtumiaji anabaki na B na kuiacha A. Upande wa GObject kila kitu ni salama, kwa kuwa B inamshika A. Lakini bafa ilishikwa na obijekti ya Python ya A, ambayo sasa haina mwenyewe. Mzoataka anapita, bafa inaondoka, na B inapoombwa pikseli zake inasoma kumbukumbu iliyokwisha kugawiwa wengine. Kwenye CPython hitilafu ingekuwa na nafasi ya kujitokeza mapema, kwa kuwa bafa huondoka papo hapo. Kwenye PyPy huenda programu isianguke kwa saa nzima, na hilo ni baya zaidi.

Suluhisho nililolichagua ni kurithisha: kila operesheni hukusanya bafa zote zinazoshikwa na picha zake za kuingia, na kuzikabidhi kwa picha zinazotoka. Seti hizi huwa ndogo, mara nyingi tupu, kwa hiyo gharama yake haionekani. Kulikuwa na njia mbadala mbili. Moja ni kuinakili data mwanzoni, ambayo ni salama na ya kuchosha kwa picha kubwa. Nyingine ni kuunganisha ishara ya `postclose` ya picha na funksheni ya mrejesho inayoiachia bafa. Hiyo ni sahihi kinadharia, lakini inamaanisha msimbo wa C kuirudia Python kutoka uzi wowote (mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine) na wakati wowote, jambo ambalo ningependa kuliepuka maadamu kuna njia nyingine.

Kurithisha kunagongana kidogo na `funga`: kuifunga A hakuruhusiwi kuiachia bafa wakati B bado inaihitaji. Kwa hiyo `funga` huachia rejeleo la picha na kuisahau bafa tu. Bafa itaondoka ikikosa mshikaji. Naona huo ndio mgawanyo wa haki.

Jambo jingine limeamuliwa hapa. Ninakubali `bytes` bila kunakili, lakini `bytearray` hunakiliwa. Kwa kuwa libvips hukokotoa pikseli zinapoombwa, mtu akiibadilisha `bytearray` kati ya kuunda picha na kuiandika, matokeo yatakuwa ya data mpya, au ya zamani, au mchanganyiko wa zote mbili.

Usomaji wa mfuatano

Kifungashio sasa kinapitisha hoja ya `access`. Ikiwekwa kuwa ya mfuatano, faili husomwa kutoka juu kwenda chini mara moja tu, na kumbukumbu inayotumika hubaki ndogo. Kikomo chake ni kwamba operesheni isiyokwenda kwa utaratibu huo, kwa mfano kuigeuza picha juu chini, haiwezi kufuata moja kwa moja, wala picha haiwezi kupitiwa mara mbili, mara moja kutafuta wastani na mara nyingine kuipunguza. Libvips hutoa kosa la usomaji usiofuata mpangilio, nami nimeliacha lifike kwa mtumiaji lilivyo. Kwa vijipicha, operesheni ya `thumbnail` inatosha: huipunguza JPEG wakati wa kuifumbua, kwa sehemu ya 2, 4 au 8, kabla ya kumalizia kwa kipimo kamili.

Kasi

Matarajio ya wengi ni kwamba PyPy itaharakisha uchakataji wa picha. Haifanyi hivyo pale ambapo kazi yote inafanywa na libvips. Pikseli hukokotolewa na msimbo uleule wa C kwa nyuzi zilezile, na aliyeuita ni mtazamaji. Kilichohitaji kurekebishwa upande wetu ni kuuliza hoja za operesheni kila inapoitwa. Orodha ya hoja za `resize` haibadiliki programu ikiwa hai, kwa hiyo huulizwa mara ya kwanza tu na kuwekwa kwenye kamusi kwa jina la operesheni.

Faida ya PyPy huonekana mahali pengine, pale mtumiaji anapotaka kuandika hesabu yake mwenyewe juu ya pikseli. Kifungashio humpa kielekezi cha `unsigned char *` juu ya picha iliyomo kwenye kumbukumbu, na mzunguko wa kawaida wa Python juu ya kielekezi hicho hugeuzwa kuwa usomaji wa moja kwa moja wa kumbukumbu. Mzunguko huohuo kwenye CPython ni wa kumkatisha mtu tamaa. Tahadhari iliyopo ni kwamba kielekezi hakina mipaka: kusoma pikseli iliyo nje ya picha hakuleti kosa la Python. Nimeongeza darasa dogo linalokagua mipaka, na kompaila ya papo kwa papo huumudu ukaguzi huo vizuri kiasi kwamba nimeufanya kuwa njia ya kawaida, huku kielekezi kitupu kikihitaji kuombwa kwa jina.

Makosa na nyuzi

Libvips hukusanya ujumbe wa makosa katika bafa moja inayotumiwa na mchakato mzima. `vips_error_buffer_copy` hutoa nakala na kuifuta bafa, na nakala hiyo huachiliwa kwa `g_free`. Kwa kuwa CFFI hulegeza kufuli kuu ya kifasiri, inayoruhusu uzi mmoja tu kuendesha Python kwa wakati mmoja, wakati wa kila mwito wa C, nyuzi mbili za Python zinaweza kushindwa kwa pamoja na ujumbe wao ukachanganyika. Nimeliandika hili kwenye nyaraka badala ya kuweka kufuli juu ya kila operesheni, kwa sababu kufuli hiyo ingezuia kazi halisi kwa ajili ya kupamba ujumbe.

Mchakato unaojigawa kwa `fork` baada ya libvips kuamshwa hubaki bila nyuzi za maktaba, na mtoto huweza kuganda. Huduma itakayokitumia kifungashio hiki lazima iiamshe libvips ndani ya kila mtoto, au itumie `spawn`, inayoanzisha mchakato mpya kabisa. Kuamshwa kwenyewe nimekuahirisha hadi operesheni ya kwanza itakapoitwa, ili kuingiza moduli tu kusiwe na madhara.

Yaliyobaki

Namna ya ABI imeanza kufanya kazi kwenye Linux na macOS, ambako maktaba hufunguliwa kwa majina ya `libvips.so.42` na `libvips.42.dylib`. Kwenye Windows jina ni `libvips-42.dll`, lakini funksheni za GObject na za GLib, maktaba ya msingi iliyo chini yake, hazipatikani kupitia faili hiyo. Lazima zifunguliwe kutoka faili zao, na zote zitoke katika kifurushi kimoja, kwani nakala mbili za GObject ndani ya mchakato mmoja zina orodha mbili tofauti za aina na hazitambuani. Ninaandika sasa ukaguzi utakaofanyika wakati wa kufungua: unaiuliza GObject aina ya `VipsImage` kwa `g_type_from_name` mara baada ya kuamsha libvips, na jibu likiwa sifuri, moduli inakataa kuendelea na kueleza kuwa maktaba mbili hazikutoka mahali pamoja.